Namba ya Marehemu Bado Iko Kwenye Tovuti

Mama Kaviha, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumba cha stoo hapa kazini na moyo hautulii, kwa hiyo nikirukaruka katika maneno univumilie. Nisaidie kabla sijasababisha mtu kufa, na hilo silisemi kwa kutia chumvi.

Mimi ni karani wa mapokezi katika ofisi moja ya serikali ya mtaa huku Kisauni, jina la ofisi naliweka kando, na barua yangu ya ajira inasema kazi yangu ni kupokea wageni na simu, lakini kwa kuwa niliwahi kusoma kompyuta kidogo nikabebeshwa pia tovuti ya ofisi, ule ukurasa ambao wananchi huutazama kwenye simu zao wakitaka huduma zetu, na kukabidhiwa kwenyewe kulikuwa kunong'onezwa neno la siri kwenye korido na fundi aliyekuwa akihama kazi. Tangu hapo kila idara hunitumia vitu kwa WhatsApp, Sidi weka hiki, Sidi weka kile, picha za wakubwa wakipanda miti, matangazo ya zabuni, nami naweka, lakini sijawahi kupata hata ujumbe mmoja wa kuniambia toa hiki kimepitwa na wakati. Soko lililokwisha kubomolewa, kwenye tovuti yetu bado linafunguliwa na watu wanakata utepe. Neno la siri wanalo watu wengi kuliko ninaowajua, na wengine walishaondoka.

Hayo ningeyavumilia, kama si mjomba wangu. Mzee Katana, ndugu yake mama yangu, alikuwa ndiye msimamizi wa magari ya wagonjwa hapa ofisini, na simu ya ofisi ilipokuwa haieleweki akaweka namba yake mwenyewe kwenye tovuti, pamoja na picha yake akiwa na koti la kijani, akasema mwenye mgonjwa asihangaike, ampigie yeye. Na kweli walimpigia, akiwa mezani, akiwa kanisani, naye alipokea. Mwaka jana masika ilipokuwa ikiisha alifariki ghafla, tukamzika kwao Kaloleni, na siku ya matanga mkubwa wetu wa ofisi, Bwana Dishon, ambaye ni mtu wa bara, alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Jina la Mzee Katana halitatoka katika ofisi yetu." Nadhani yeye alisema vile watu wasemavyo msibani. Lakini kwetu neno lililotolewa matangani mbele ya wazee huwekwa, na wazee waliliitikia, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu pale ofisini anayethubutu kugusa ukurasa wa mjomba.

Na watu bado wanampigia. Ukitafuta kwenye simu gari la wagonjwa Kisauni, kitu cha kwanza kukujia ni uso wa mjomba wangu akitabasamu na namba yake chini. Sasa hapa ndipo pana jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile simu haikuzimwa. Anayo mkewe, mkaza mjomba wangu Margret, kule Utange, anaitia chaji kila siku, na ikilia anapokea na kusema mwenyewe katoka, sema shida yako nitamfikishia, kwa kuwa neno kafa halimtoki mdomoni, kisha ananipigia mimi kunieleza nani anaumwa na yuko wapi, nami nawakimbilia watu wa zamu wanaosimamia magari siku hizi. Hao wana namba yao mpya, imeandikwa ubavuni mwa gari, lakini kwenye tovuti haikuwamo. Hivyo ndivyo wagonjwa wa Kisauni wanavyofika hospitalini, Mama Kaviha, kwa kupitia sebule ya mjane.

Usidhani nilikaa tu. Nilipomweleza Bwana Dishon aliniambia tovuti ni yako, amua. Idara ya afya wakasema namba haiwezi kubadilishwa mpaka waandikiwe rasmi, nikawauliza waandikiwe na nani, wakasema na mwenye tovuti. Watu wa kompyuta makao makuu wakasema wao hulinda mitambo, maandishi hayawahusu. Basi nikajitia ujasiri, nikaiondoa namba ya mjomba nikaweka ile ya zamu, picha nikaiacha. Siku ya pili yake mkaza mjomba akanipigia, sauti iko chini, akasema, "Sidi mwanangu, simu ya mjombako i kimya tangu jana. Kuna nini huko kwenu?" Nilihisi nimemzika mjomba mara ya pili. Nikamdanganya kuwa mtandao una matatizo, na kesho yake nikairudisha namba ya mjomba mahali pake, ile ya zamu nikaisukuma chini kabisa ya ukurasa ambako hakuna anayefika.

Mwezi haukuisha. Jumapili moja mwanamke wa Mjambere alishikwa na uchungu, mumewe Gedion akapiga namba aliyoiona juu, na mkaza mjomba alikuwa ameenda kanisani na simu ameiacha nyumbani kwenye chaji. Mtoto akazaliwa ndani ya tuktuk kando ya barabara ya Malindi, hakulia upesi, akalazwa chumba cha watoto wachanga na hatukujua kama atatoka. Wako hai, mama na mtoto, nashukuru kila ninapoamka. Lakini Gedion alikuja hapa mapokezi, hakupiga kelele, alinionyesha tu simu yake yenye picha ya mjomba wangu akaniuliza, "Dada, huyu mzee mbona hapokei? Alikuwa wapi?"

Nami nikamjibu, "Alikuwa ametoka."

Mvua zimekaribia tena, na njia za ndani kule Utange zikijaa maji watu watapiga simu zaidi. Nikiiondoa namba, namnyang'anya mjane kitu cha mwisho cha mumewe kilichobaki kinaita, na ukoo utasema ni mimi, mtoto wa dada yake, niliyemfuta. Nikiiacha, siku moja mtoto hatalia kabisa. Ibada ya kumbukumbu ya mwaka iko mwezi wa sita. Je, ningoje ipite kwanza? Nijibu tafadhali, usingizi umenihama.

Mwenye neno la siri,
Kisauni


MAMA KAVIHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, ya pili ukanikasirisha, na nitakujibu nikiwa na vyote viwili.

Pole kwa mjomba. Pole pia kwa kubebeshwa mzigo wa ofisi nzima ukaambiwa ni wako kwa sababu tu hakuna mwingine aliyeutaka. Hilo si kosa lako. Lakini unaniuliza kama ungoje kumbukumbu ya mwaka ipite. Wenye mimba wa Mjambere nao tuwaambie wangoje? Mtoto hakulia upesi, umesema wewe mwenyewe, na bado ukamtazama babake machoni ukamwambia marehemu alikuwa ametoka. Mkaza mjomba wako akisema hivyo nitamwelewa, ni mumewe. Wewe umekaa nyuma ya meza ya serikali na huna udhuru huo.

Sasa nina jambo la kukiri, na ukininunia nitakuelewa. Ofisi yako hukuitaja, lakini koti la kijani ulilitaja, kwa hiyo nilichukua simu yangu, nikatafuta, na sikupata tabu kumpata. Nikaipiga ile namba.

Ilipokewa haraka. "Mwenyewe katoka, sema shida yako." Nikamwambia sina mgonjwa, nimepiga kusalimia tu. Akasema ahsante, maana wote wapigao hapo wana haraka. Tukazungumza. Sikumwambia kuwa umeniandikia, naye hakunihoji sana, alikuwa na hamu ya kuongea. Akaniambia ana dada yake Kaloleni na hajalala kwake tangu msiba, kwa kuwa kule mtandao ni wa kubahatisha na simu yaweza kulia asiisikie. Akienda kuoga huiweka mlangoni. Na kuna Jumapili moja alirudi kutoka ibadani akakuta imelia mpaka imechoka, akaipiga namba ya huyo aliyepiga ikawa haipatikani, na tangu siku hiyo haendi tena kanisani. Hilo nadhani hukulijua.

Nikamuuliza kama simu haimpumzishi hata kidogo. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Kuna siku ilinyamaza. Nikalala mchana, mwenzangu, usingizi ambao sijaupata tangu kuzika. Nikampigia mtoto wetu aliyeko ofisini nimuulize kama nimeachiliwa. Akanambia ni mtandao."

Yasome tena hayo. Wewe ulisikia mjane anayelilia simu ya mumewe. Alikuwa anaomba ruhusa ya kuiweka chini. Ulidhani umemwachia mume, kumbe umemwachia kazi ya mume, haina zamu wala likizo, na sasa imemnyima hata Jumapili yake.

Tuje kwa ofisi yenu. Kanisani kwetu Changamwe pana ubao wa matangazo, na kila karatasi inayobandikwa sharti iwe na cheo cha aliyeileta na siku ya kutolewa. Siku hiyo ikifika katibu anaing'oa, hata ikiwa ya askofu. Hakuna anayesema katibu hana adabu. Ninyi mna idara, mna wakubwa, mna makao makuu, na mmeshindwa na ubao wa kanisa. Kila mmoja kwenu anataka kubandika na hakuna anayekubali kung'oa.

Kwa hiyo, neno la siri unalo. Pandisha namba ya zamu juu sasa hivi, ya mjomba itoke, hilo halihitaji kikao. Kisha Jumatatu nenda kwa Bwana Dishon na karatasi moja ambayo utamtaka aitie sahihi, yenye mambo ambayo hata mimi nisiyejua kompyuta nayaelewa. Kila ukurasa uwe na ofisi inayouwajibikia, kwa cheo, si kwa jina la mtu. Namba ya mtu binafsi isiwekwe tena, hata akiwa na moyo mwema kama wa mjomba wako, maana moyo mwema nao hufa. Kila mkuu wa idara ausome ukurasa wake kila baada ya miezi michache na athibitishe kwa maandishi kuwa bado ni kweli, asipothibitisha uondolewe. Neno la siri libadilishwe, wabaki nalo watu wawili wanaojulikana. Na mtu akihama au akifariki, siku funguo zake za ofisi zinaporudishwa, na tovuti irekebishwe siku hiyo hiyo. Bwana Dishon akikujibu tena kwamba tovuti ni yako, mwambie vizuri tu akuandikie barua inayosema hivyo. Utashangaa jinsi tovuti itakavyopata wenyewe.

Kuhusu lile neno la matangani, aliyelitoa ndiye alitimize. Alisema jina halitatoka, namba hakuitaja. Chumba cha watu wa zamu kiitwe kwa jina la Mzee Katana, na picha ya koti la kijani ipate ukurasa wake wa kumbukumbu, bila namba chini. Aende Bwana Dishon mwenyewe Kaloleni akawaeleze wazee, uwe naye. Wazee walioitikia neno la kumheshimu mtu wao hawakuitikia watoto kuzaliwa barabarani, na wakielezwa kwa heshima hawatakosa kuelewa. Kisha mtafute Gedion kule Mjambere umwambie ukweli. Atakasirika, ana haki. Mwache akasirike, halafu umwombe umbebe mtoto.

Lakini ukiiacha namba, hayo mengine ni ya Jumatatu. La leo ni mkaza mjomba wako. Asijue kwa kimya cha simu mara ya pili, akakaa akijiuliza kama ni mtandao. Nenda Utange kwa miguu yako, umwamkie, ukae, umwambie kwa mdomo wako kwamba zamu yake imekwisha na kwamba aliifanya vizuri. Simu abaki nayo, akitaka aizime, akitaka aiache, ni yake. Halafu umsindikize kwa dada yake akalale.

Ningeweza kukujibu faraghani. Nimekataa, kwa kuwa nimeshakusoma tabia, ungeikunja barua yangu ukangoja mwezi wa sita. Kabla hatujaagana kwenye simu nilimuuliza yule mama, bila kumwambia kwa nini, kama huwa anasoma gazeti hili. Akasema hulinunua kila Jumamosi, na huanza na ukurasa wangu.

Leo ni Jumamosi, Sidi. Lifunge gazeti uende.