Timu ya Wachina Iliyokununua

Mume wangu Hudhaifa,

Huna haya. Kutoka Grand Prairie hadi hapa Houston ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari, nawe sijakuona tangu Idi. Mimi mzima, ila magoti.

Dada yako Jannat, anayeniandikia haya, anasema timu ya Wachina ya michezo ya kompyuta imekununua. Mtu hununuliwa? Akanicheka: "Bibi, si ndivyo wanavyosema hata kwenye mpira?" Nikamwambia anisomee habari zao za nyuma. Walichukua ubingwa wa dunia kwa vijana watano, na mwaka uliofuata hakubaki hata mmoja. Jina lipo, kombe lipo, watoto wa watu hawapo. Nilipokuuliza kwenye simu ukasema, "Wamestaafu, Bibi." Mtu wa miaka ishirini na mbili anastaafu nini?

Sikukatazi kwenda. Lakini mke mkubwa ni mimi, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Usitie saini chochote. Jumamosi njoo na huyo wakala wao, mje na njaa, akishakula nimuulize mbele yako: wakikuchoka, watakurudisha kwa nani?

Bibi yako akupendaye,
Mize