Mlango wa Kabati la Nthoki

Nyumba ya mwisho, karibu na mfereji,
Mtaa wa Mbotela,
Nairobi.
Jumapili, 15 Septemba 2024.

Mpendwa kaka Kiilu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Habari za huko Durban? Baridi imepungua? Mgongo unakuruhusu kuchonga siku nzima, au bado unaegemea ukuta kama ulivyoniambia wakati wa Pasaka? Shemeji naye hajambo? Sisi tunapumua, na kwa umri wangu hiyo naihesabu kuwa afya. Binti yangu Ndinda amepata kazi ya ukarani hapo Makadara, anarudi jioni hoi. Usishangae mwandiko huu. Mkono ndio uleule unaotetemeka, na barua hii nimeianza mara tatu.

Ningekupigia simu, ila haya kwa simu siyawezi. Kila ukiniuliza michoro yangu ni ya nini, nakujibu kwa mzaha kisha nampa Ndinda simu. Leo nitakujibu.

Unajua miaka thelathini nimeandika mabango, kuanzia Pumwani hadi huku kwetu. Bucha, kinyozi, duka la dawa. Hata ule mstari wa Zaburi ukutani kanisani ni kazi yangu. Mkono ulipoanza kutetemeka, herufi zikawa kama zimelewa, na wateja wakaenda kwa vijana wenye mashine. Sikuwalaumu. Nani anataka bucha yake iandikwe na mtu anayetetemeka?

Mwaka jana, tulipokwisha kumzika mke wangu Nthoki, nilibaki nyumbani na makopo ya rangi yaliyojaa nusunusu. Ubao sikuwa nao. Nikang'oa mlango mmoja wa kabati lake la nguo, nikapaka upande wa ndani, maana ule wa nje una vanishi na rangi haishiki. Sikuandika neno. Sikuchora mtu wala mti. Nilipaka bluu, juu yake nyekundu ya bucha, kisha nyeupe, nikaikwangua kwa kisu. Wewe kabla hujashika tezo unajua kama ni twiga au kifaru. Mimi sikujua lolote, na kaka, kutojua kule kulinipumzisha.

Nilipomaliza, katikati palikuwa na mkwaruzo mweupe ulioanza mnene kidogo chini, ukapanda kwa mshazari. Niliutazama nikalia. Nilisema huyu ni Nthoki anapanda, na Mungu ameniandikia kwa mkono huuhuu mbovu. Usinicheke. Tangu mazishi nilikuwa naomba jambo moja tu. Sikuomba arudi, mimi si mtoto. Niliomba nijue kwamba yuko mahali.

Baada ya hapo nilichora mingine saba kwenye vipande vya mbao, na kila mmoja niliona kitu ndani yake. Lakini ule mlango ndio uliokuwa sala yangu. Mchungaji Mbugua alipokuja kututembelea aliupenda, akaomba utundikwe kanisani, chini ya ile Zaburi. Vijana wakaja kuuchukua, mimi nimelala na homa.

Jumapili tatu nilikaa mbele yake. Wakati wa maombi sikufumba macho, niliutazama tu na kuzungumza na Nthoki moyoni. Nilikuwa narudi nyumbani nimetulia kama mtu aliyejibiwa. Ndinda hata akasema nimeanza kula vizuri.

Jumapili ya nne akaja kukaa karibu yangu Jecinta, jirani yetu, yule aliyekuwa akimwogesha Nthoki alipokuwa hajiwezi. Aliutazama sana ule mlango, kisha akaninong'oneza, "Baba Ndinda, mbona wameupindua? Ule msumari ambao marehemu alitundikia leso yake ulikuwa juu. Sasa uko chini."

Nikatazama. Kweli, msumari ule pale chini, umefunikwa na rangi. Niliupigilia mimi mwenyewe, mwaka tuliooana.

Kaka, herufi moja ikipinda ng'ambo ya Jogoo Road, mimi naiona. Lakini sala yangu mwenyewe ilikaa kichwa chini miguu juu Jumapili tatu, na sikujua. Niliyedhani anapanda alikuwa anashuka. Na ule utulivu wote niliorudi nao nyumbani, sasa siujui ulitoka wapi. Mchungaji akanipoza akisema Mungu anasoma upande wowote. Huenda. Lakini aliyehitaji kusoma ni mimi.

Ile mingine saba nimeigeuza huku na huku. Ni rangi. Brashi nimeziosha nikaziweka, na leo kanisani sikwenda. Ndinda ameenda peke yake.

Mlango wameurudisha Alhamisi. Nimeutia bawaba zake mahali pake, msumari juu, na leso yake nimeitundika. Rangi inatazama nguo zake, na kabati nimelifunga. Jecinta alitaka atoe zile nguo awagawie wenye shida, nikamwambia asubiri.

Basi nisikuchoshe. Msalimie shemeji Ndanu na watoto, na mzee Muthiani ukimwona, mwambie bado namkumbuka. Ndinda anawasalimu nyote. Mungu awalinde huko mliko. Hilo bado nalisema, kwa mazoea ikiwa si kwa imani.

Ukija Desemba sitaki nguo wala viatu. Nichongee kitu chenye kichwa na miguu, mnyama yeyote, nikiweke mezani nijue juu ni wapi.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Wathome