Mashavu ya Ramadhani

Jumanne, 3 Februari

Leo nimejikuna mpaka Bonfils, mwenzangu wa garaji, ameniuliza kama nimelala na kuku. Shingo, mgongo, tumbo, mapaja — kote moto! Pasipowasha ni usoni tu. Nadhani ni zile oili na petroli tunazooshea vyuma.

Alhamdulillahi kwa huo uso. Uso ndio anaouona Mzee Chabani kila siku akipita kwenda msikitini. Mzee Chabani ni babake Soumaya. Wajomba zangu walipeleka posa wiki iliyopita, akawajibu kwamba atasema neno baada ya Idi, kwanza anamchunguza kijana. Na huyu mzee anachunguza kweli! Fundi cherehani wa watu alikataliwa kwa kukohoa sebuleni. Akiuona mgongo wangu nitafukuzwa, na kiti nilichokalia kitatiwa moto.

Soumaya mwenyewe hajui. Naogopa kumwambia. Nampenda mno, hiyo ndiyo shida yangu.

Jumamosi, 7 Februari

Nimepanda mpaka Gihosha, upande wa pili wa Bujumbura, kwenye kliniki ya ngozi. Huku kwetu Buyenzi haiwezekani. Ukinunua dawa ya kichwa asubuhi, jioni watu wamejaa uani kukupa pole.

Dokta Geneviève amenigeuza mbele na nyuma kama chapati. Akasema ni egzema, ukurutu, na umetapakaa. Hauambukizi. Nikamwomba aniandikie hilo la kuambukiza kwa herufi kubwa, akacheka. Pomade ya kupaka peke yake haitoshi, ningehitaji ndoo nzima. Basi sindano ya kortizoni, moja leo, nyingine baada ya siku kumi. Kwenye tako!

Nilipiga ukelele. Mwuguzi akasema hajaanza, hiyo ilikuwa pamba ya spiriti.

Dokta alisema na mengine: njaa itazidi, uso unaweza kuvimba halafu utashuka wenyewe, nisiende kujidungisha ovyo kwenye maduka ya dawa. Nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Akili yote ilikuwa kwenye mshipi wa suruali.

Jumatano, 11 Februari

Nimelala usiku kucha! Sijikuni! Bonfils kasema leo nimefungua injini nikiimba.

Jumanne, 17 Februari

Sindano ya pili na ya mwisho. Safari hii nilinyamaza. Machozi yalitoka, lakini machozi hayana sauti.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani imeingia, na mimi nina njaa ya fisi. Si njaa ya kawaida. Saa nne asubuhi nimeitazama grisi nikaiona kama siagi. Mama kaandaa futari ya nyumba nzima, nikaimaliza kabla wadogo zangu hawajanawa mikono. Mama kafurahi, eti mwanangu amepona. Kesho hatafurahi.

Lakini nguvu ninazo! Tarawehe nasali bila kuchoka, safu ya mbele. Imamu kaniombea dua.

Alhamisi, 26 Februari

Kofia inabana. Nilidhani Mama ameifua kwa maji moto. Halafu nikajiona kwenye kioo cha Toyota ya mteja — ni nani huyu? Mashavu! Mviringo kabisa, macho yamebaki mistari. Wenzangu wote wamekonda, midomo mikavu. Mimi nang'aa kama bwana harusi aliyekwisha kula pilau.

Jumamosi, 28 Februari

Msiba. Mzee Chabani kaja garaji saa sita mchana, bila gari, bila shida yoyote. Jua kali hivi, na yeye soksi zake ndefu za sufu, haziachi. Akasimama akisugua mgongo kwenye nguzo ya mlango, kama kawaida yake.

Wakati huohuo Bonfils, ambaye ni mtu wa kanisa na hana habari na mfungo, alikuwa ametandaza ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juu ya boneti. Na mimi nimeinama palepale nakaza spaki! Mzee akaangalia sahani. Akaangalia mashavu yangu. Akarudi kwenye sahani.

«Anouar,» kasema, «mi nafunga tangu niko mutoto. Sijaonaka mutu ananenepa Ramadhani.»

Nikasema ni kazi ya Mungu. Akasema Mungu asisingiziwe.

Jumatatu, 2 Machi

Buyenzi yote inajua kwamba nala mchana. Muuza tende kaniuliza kwa upole kama nauza siri ya kunenepa. Wanawake wa bombani wamenyamaza nilipopita, na wanawake wa bombani hawanyamazagi!

Bonfils kaenda kunitetea. Sikumtuma! Kamwambia Mzee kwamba Anouar hali kitu, yeye Bonfils ndiye anayekula vyote, na kwamba hata jana alinipa brosheti, mshikaki wa mbuzi, nikakataa. Mzee kauliza: alikataa jana, na siku nyingine? Yaani rafiki wa namna hii, adui wa nini.

Soumaya kaandika ujumbe. Baba anasema wewe huna dini. Niambie ukweli, nitauamini.

Nimeandika jibu nikalifuta. Nikaandika, nikafuta. Nikinyamaza, mimi ni mla mchana. Nikisema, mimi ni mwenye ukurutu tumboni. Kwa mzee aliyekataa kikohozi! Leo nimelia kidogo chini ya gari. Bonfils kafikiri ni oili inadondoka, akaleta bakuli.

Jumatano, 4 Machi

Nimemjibu Soumaya. Nimeandika yote, hata pamba ya spiriti. Kajibu: Kumbe ni hilo tu? Halafu vikatuni vya kucheka, safu nzima. Halafu: Mimi sina neno. Sasa mwambie Baba, maana leo kasema Ijumaa anawaita wajomba zako awarudishie posa.

Ijumaa!

Alhamisi, 5 Machi

Nimekwenda futari kwa Mzee Chabani bila kualikwa. Soumaya na mama yake wako jikoni, sisi wawili sebuleni. Kanipa tende moja. Moja! Akaniangalia ninavyotafuna.

Nikasema: «Mzee, mi sikule muchana. Wallahi. Ni dawa.» Akasema dawa gani inanenepesha mashavu. Basi nikaona maneno hayatoshi. Nikasimama nikavua kanzu. Suruali ninayo ndani, si mwendawazimu. Nikamgeuzia mgongo, nikamwonyesha alama zilizobaki, nikamwambia sindano, kortizoni, Gihosha, tako, kila kitu. Nikamaliza na «haiambukizi» mara tatu.

Nikasubiri fimbo.

«Ilikuwa inawasha usiku?»

Nikasema sana, Mzee.

«Na ile sindano… ilipoza kweli?»

Nikasema kama maji.

Akainuka, akafunga mlango kwa ufunguo. Nikasema moyoni, leo nakufa nikiwa nusu uchi. Akaketi, akashusha soksi ya sufu polepole. Yaa Rabbi! Mguu mzima, kutoka kifundo mpaka goti, na zaidi nisikoruhusiwa kuona. Akainua na shati: mgongo uleule, kumbe nguzo za watu zinapata taabu bure! Kasema huu ni mwaka wa kumi anawaambia watu ana baridi ya miguu. Baridi, Bujumbura! Hata mkewe anaamini hivyo.

«We ukisema inje, nakukana.»

Kisha akanisogezea sahani yote ya sambusa. Kuhusu Soumaya hakutamka lolote. Nikaona aibu kuuliza mdomo ukiwa umejaa.

Jumatatu, 9 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki, Gihosha. Mzee yuko ndani na Dokta Geneviève.

Ijumaa wajomba zangu hawakuitwa. Wala hawakuambiwa kitu kingine. Posa imening'inia.

Jana kamwuliza Imamu, «kwa niaba ya rafiki», kama sindano inavunja mfungo. Imamu kasema kwa ugonjwa haivunji, kwa kuwa si chakula, na akamwombea shifaa huyo rafiki wa soksi. Leo Mzee kaja na miwani myeusi asitambulike. Njia nzima watu: Assalamu alaikum, Mzee Chabani!

Kwanza wamempima presha na sukari. Zote nzuri. Sasa mwuguzi kaingia na sinia. Mlango ni mbao nyembamba, nasikia yote. Mzee anasema ngoja kwanza tuzungumze. Anauliza kama ipo sindano nyingine, mudogo wake na hii. Anauliza kama haiwezi kunywewa. Dokta anamwambia ageuke.

Sasa sauti, kubwa, mpaka barabarani:

«Mukwe! Mukwe wangu! Njoo unishike mukono!»

Mlango umefunguka. Mwuguzi anachungulia, anauliza mkwe wa huyu mzee ni nani hapa. Kwenye benchi ni mimi na mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Mama ananiangalia. Mwuguzi ananiangalia. Ndani Mzee anaita tena, kwa jina hilohilo —