Pua ya Abdiel

Sombetini, Arusha

Dada Elinami,

Shikamoo. Mwanangu Abdiel ana mafua, vumbi la huku limemziba pua. Mama mkwe alipokuja kutoka Oldonyo Sambu alimpakata, akaweka mdomo puani, akafyonza makamasi, akatema uani. Nilitaka kutapika! Nikampa maji asukutue kabla hajambusu mtoto. Alisukutua mbele ya mwanawe, mume wangu, akaaga, chai hakugusa.

Jana Abdiel alishindwa kabisa kunyonya. Matone ya duka la dawa yalirudi na mapovu. Nikafumba macho, nikafyonza. Dada, makamasi yana chumvi, yanateleza, hata sasa nasikia kinyaa. Lakini alinyonya mpaka akasinzia.

Nimeshika simu tangu asubuhi. Mama mkwe uliyemsukutulisha mdomo, unaanza kumwambia nini?

Mdogo wako,
Sia