Komanda mwenye Mètre

Kavira, mujukuu wangu,

Huku Butembo tunapumua. Mama yako anavuna viazi, na kikohozi changu kimepoa. Unaniuliza kama urefu unatosha kwa kuanza mechi ya basket, maana coach mupya wa université amekupima tu, akakupa nafasi bila kukuona ukicheza. Mimi namushuku.

Nyuma ya indépendance, wakati ya rébellion, nilichezaka basket kwa masista kule Lubero. Komanda mumoja wa basoda akakuja na mètre, ile kamba ya kupimia urefu. Eti anatafuta babinti barefu, baende kucheza Beni. Hakuuliza nani anajua kutupa mupira. Masika, mufupi wetu, mwenye kupita na mupira chini ya mikono ya bote, komanda hakumuangalia hata kidogo. Njo hapo niliogopa: huyu hatafuti bachezaji, anatafuta babinti. Nikakunja magoti ndani ya jupe, sketi yangu ndefu, nionekane mufupi. Benzangu barefu bakafanya vilevile. Akapima, akapima tena, akakasirika, akarudi na motokari tupu.

Ukweli, chini ya panier, kile kikapu cha kutupia mupira, urefu unasaidia. Lakini mwenye kutafuta bachezaji anaangalia kwanza namna banacheza. Kesho umupe huyo coach mupira, umuambie akuangalie. Akirudilia mètre, kunja magoti.

Koko yako