Kula kwa Watu wa Kitui

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Nimefika Kitui. Vumbi! Kikima nimeacha ukungu na watu wamejikunja kwa makoti, hapa jua linapiga kichwa kama nimeliibia kuku. Ndila binti yangu amenipokea steji. Yunifomu ya nasi, nyeupe, safi. Amenona kidogo. Nani anamnonesha? Mshahara wa nasi haunoneshi mtu.

Ameniita eti macho yangu yaangaliwe kwa hospitali yake. Macho! Mimi naona kupe kwa mbuzi ya jirani, na jirani yuko ng'ambo ya mto. Lakini nimekuja. Kila mtu na yake.

Mwezi wa tano alileta kijana nyumbani. Kilonzo, dereva wa loli, mtu wa hapa hapa Kitui. Walikuja na mjomba wake na mbuzi za ntheo. Na ntheo si mchezo — mbuzi zikishapokewa, moja ikachinjwa tukala pamoja, basi msichana ameenda. Kanisa ikija baadaye ni ya kupiga picha. Mimi sikuwaacha hata wafunge kamba. Nilisema mbele ya boma yote: watu wa Kitui wanajua kuweka vitu kwa chakula, na mimi sitakuwa mkwe wa watu ambao siwezi kula kwao. Mbuzi zikarudi na miguu yao.

Ndila hakulia. Hakuuliza kitu. Alinifulia shati, akarudi kazini. Mtoto asiyelia, huyo ndiye wa kuogopa. Sasa ananiita macho.

Nalala chumba cha wageni cha kanisa, maana baba halali kwa nyumba ya manasi. Ameniletea mkate na chai ya chupa, akasema wiki hii ana shifti ndefu, hawezi kupika, nitafute hoteli. "Utapata tu, nau, mji ni mkubwa." Nau! Ananiita baba kwa ile sauti laini ya zamani, ya mtoto anayetaka kitu.

Jumanne, 3 Agosti

Daktari amesema macho yangu ni mazuri kuliko yake. Nilijua.

Hoteli ya kwanza, karibu na steji. Nimeagiza ugali na mchuzi. Ikaletwa, nikamwambia yule wa kuleta: onja wewe kwanza. Si dharau. Hata pombe — zamani, kabla Bwana hajanishika — mwenye kibuyu anapiga funda la kwanza ndiyo mgeni ajue ni salama. Yule akaniangalia kama nimetukana mama yake. "Mzee, nikionja ya kila mtu si nitapasuka?" Nikatoka. Mchuzi wenyewe ulikuwa maji yaliyosikia habari za nyama.

Hoteli ya pili: maharagwe, na kijiwe ndani. Upande wa kushoto nimebaki na meno mawili na hayasalimiani. Sasa moja linauma.

Nimelala na ndizi.

Jumatano, 4 Agosti

Hoteli ya Msomali mmoja, Aftin. Mrefu, ndevu nyekundu za hina, ananunua pia mbuzi za kutoka Tseikuru. Chai yake ina tangawizi, hiyo sikatai. Lakini nyama — laini. Laini kupita kiasi. Mbuzi ya kawaida hupigana na mtu kidogo. Nikauliza kwa sauti: hii ni mbuzi ama ni ngamia?

Watu wakacheka. Aftin akaja mwenyewe. "Mzee, ngamia ni mali. Nani atakupa ngamia kwa bei ya mbuzi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Mtu mwenye jibu tayari, hilo swali aliulizwa zamani. Nikamwambia aonje. Akachukua kipande kikubwa kabisa kwa sahani yangu, akala. Akachukua cha pili! "Sasa hiki cha pili nauliza kama kile cha kwanza kilisema ukweli." Nikavuta sahani yangu.

Ilikuwa mbuzi. Nafikiri.

Nikitoka akaniambia, "Wewe mzee ni taabu. Kesho enda nyuma ya soko ya mbuzi, uliza mama Syombua. Huyo atakuweza."

Tangu lini mfanyabiashara anapeleka mteja kwa mwenzake? Jambo hili lina mkia.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimeenda. Sikutaka, miguu ilitaka.

Mabati manne, mabenchi, moto wa kuni. Mama wa kama miaka hamsini, kitambaa cha buluu kichwani, mikono kama ya mchimba visima. Hakusema karibu. Aliangalia viatu vyangu, akaangalia uso, akapakua. Muthokoi! Mahindi yametwangwa maganda yote yakatoka, meupe kama meno ya mtoto. Ndengu ndani. Juu yake mbuzi ya kukaanga, mafuta bado yanaongea.

Nikafungua mdomo nimwambie aonje — na yeye tayari ana kijiko kwa sahani yangu. Ameonja! Mbele yangu, bila kuombwa. Akatafuna, akameza, akafungua mdomo nione, akaenda zake.

Na nyama yangu imekatwa vidogo vidogo. Jirani yangu wa benchi alipewa mfupa mzima apambane nao.

Nimekula. Mungu anisamehe, nilisahau kuomba. Kasyoka mke wangu amenipikia tangu vita vya Hitla na kwake sijasahau kuomba hata siku moja — kwake maombi yanahitajika.

Nikalipa, nikakaa kwa jiwe nje, nikangoja tumbo liseme kitu. Likasema: lete ingine.

Ijumaa, 6 Agosti

Tena kwa Syombua. Ameonja tena. Ameongeza bila kuulizwa. "Ongeza, mzee. Huko Mbooni baridi inakushikia nyama mwilini, hapa jasho inakula mtu."

Mbooni, milima yetu ya Kikima! Mimi sijamwambia natoka wapi. Nikauliza, nani amekuambia?

"Koti."

Kweli, Kitui nzima ni mimi tu nimevaa koti. Jibu zuri. Zuri sana. Silipendi.

Nimefikiri mchana kutwa. Kwa benchi nimesikia Syombua ni mjane, bwana yake alikufa ile njaa kubwa. Anaonja, anakata nyama, anaongeza. Sasa mwanamke kama huyo anataka nini na mzee wa miaka sitini na nane? Jioni nimeomba kitana kwa mlinzi wa kanisa, nimechana ndevu. Kasyoka asijue.

Ndila amepita. Hakuuliza nakula wapi. Tangu nifike hajauliza! Huyu ni msichana akija nyumbani anauliza hata kuku wamekula nini. Leo ni "Umeshiba, nau?" tu, akaangalia tumbo langu, akageuka akachekea ukuta.

Hapo nikaamka. Nikaweka mtego. Nikashika tumbo, nikakunja uso: mwanangu, siku hizi mafuta yananiumiza, natamani nyama ya kuchemsha tu, na majani ya kunde. Uongo! Mimi na mafuta tumelelewa pamoja. Sikumwambia mtu mwingine, hata kwa maombi.

Sasa tungoje.

Jumamosi, 7 Agosti

Mtego umeshika. Umenishika na mimi.

Benchi nzima wanakula ya kukaanga, mafuta yanateremka mpaka kwa viwiko. Mimi nikawekewa bakuli. Nyama ya kuchemsha! Majani ya kunde! Nikauliza, mama, hii ni nini?

"Si ni ya hilo tumbo lako, mzee —" Mdomo ukabaki wazi. Nikamwangalia. Akaangalia sufuria.

"Mama, una watoto?"

"Mmoja."

"Anafanya nini?"

"Loli. Anabebea Aftin mbuzi kutoka Tseikuru."

"Anaitwa nani?"

Akaweka mwiko chini. "Jina unalijua, mzee. Ulimrudisha na mbuzi zake."

Watu wote wakaacha kutafuna. Mimi nimesimama, jani la kunde kwa ndevu nilizochana.

Aibu! Baba ya msichana haweki mkono kwa chungu cha watu wa kijana kabla mbuzi za ntheo hazijaliwa kwake. Kwake kwanza! Ndiyo heshima ya wakwe. Na mimi nimekuja mwenyewe, nimekula, nimelamba sahani, nimeongezewa. Wazee wa Kikima wakisikia watasema mimi Mulei nimeuza binti kwa mchuzi. Na ni mimi niliyesema kwa watu hawa sitakula!

Lakini ngoja. Nililipa. Kila siku nililipa. Mtu akilipa hajalishwa, amenunua. Nikamwambia Syombua hivyo, kwa sauti, benchi yote isikie.

"Ni kweli," akasema. "Hapa ni hoteli tu. Kesho baada ya kanisa njoo nyumbani."

Mama hatari huyo. Na kumbe hakuwa na haja na ndevu zangu. Hiyo pia imeuma, kidogo.

Jioni nimemfokea Ndila. Nimemwambia yeye ni nyoka, Aftin ni nyoka, koti langu ni nyoka. Aliningoja mpaka pumzi ikaniisha.

"Nau, ulisema kwao watu wanawekewa vitu kwa chakula. Nilitaka ule kabla ujue ni kwa nani. Umekula. Umekufa?"

"Bado."

"Basi kesho Kilonzo yuko. Ukila kwao, nitajua umekubali, na mbuzi zitakuja Kikima mwezi huu, ulipwe heshima yako. Ukikataa, nitakusindikiza steji na shati yako nimeipiga pasi. Lakini mwanaume mwingine sitakuletea. Nitabaki nasi mpaka nizeeke. Sitakuuliza tena."

Nikasema unanitisha?

"Nakuambia tu, nau."

Ana miaka ishirini na nane. Na hakulia! Angelia ningejua pa kushika.

Jumapili, 8 Agosti

Mhubiri alihubiri sana, sikusikia.

Nimekuja. Nimesema nakuja kuangalia nyumba tu, macho hayali. Nyumba ya tofali, mabati mapya, ua umefagiwa mpaka unaona alama za ufagio. Nimekagua. Nikasema natafuta choo, nikachungulia stoo: magunia ya ndengu, mizinga ya nyuki, asali kwa debe. Nikasema natafuta choo, nikachungulia jikoni: kuni, sufuria, vikapu. Hakuna pembe ya dawa, hakuna kibuyu kimefungwa kitambaa. Mara ya tatu Kilonzo akanikuta nyuma ya ghala.

"Mzee, choo ni hapo umepita mara mbili."

"Naangalia kama kinahama."

Hakucheka. Kisha akacheka. Nikamuuliza hapo hapo: wewe dereva, njiani una wanawake wangapi?

"Njia ya Tseikuru, mzee? Huko kuna mbuzi na punda."

"Na punda wangapi?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kijana anayecheka vizuri — hiyo pia ni ya kuangaliwa. Anaweza kuwa mwongo wa meno mazuri. Nimemwangalia mikono. Ina grisi kwa kucha. Amechinja mwenyewe asubuhi, hakumtuma mtu.

Chakula kimekuja. Karai nzima! Ya kukaanga, si ile ya kuchemsha, maana mama amejua nilidanganya, amejua bila kuambiwa. Muthokoi. Bakuli la asali pembeni. Wamenikalisha kwa kiti cha mikono. Ndila amesimama mlangoni, si ndani, si nje.

Nikangoja Syombua aonje. Hakushika kijiko.

"Mama, leo huonji?"

"Hotelini naonjea mteja. Hapa sionji. Hapa ukila, ule kama mtu wa nyumbani. Ukiogopa, acha, hatutakasirika."

Nzi mmoja akazunguka karai. Nikatafuta utani wa kusema, nikakosa. Mimi!

Nikawaambia kwetu mzee huomba peke yake kabla ya kula, kwa kimya, kwa kirefu. Hakuna kitu kama hicho kwetu. Wakatoka wote nje, hata Kilonzo, wamekaa kwa kivuli cha loli. Kwa hivyo naandika hapa hapa mezani, karai iko mbele yangu. Nikiinua macho naiona. Nisipoinua naisikia harufu.

Nikila, msichana ameenda. Wa mwisho. Kikima nitabaki na Kasyoka na upishi wake. Nisipokula, nitabaki na msichana ambaye atanipigia pasi mashati mpaka nife na hataniangalia usoni.

Na kama kuna kitu ndani? Anaweza. Mtu mwenye akili ya kunilisha siku hizo zote bila mimi kujua, anaweza chochote. Lakini angetaka kuniua si ilikuwa Alhamisi? Alhamisi nilienda peke yangu, hata maombi sikuwa nayo.

Mafuta ya mbuzi hayangoji mtu. Yanaanza kuganda pembeni, nayaona, meupe. Hapa katikati bado ni ya moto.

Nje hawaongei. Wananisikiliza nikiomba.

Ndila amechungulia. "Nau, bado unaomba?"

Nimemwambia bado. Nimemwambia alete maji ya kunawa. Amesimama hapo, amenikazia macho, sura yake inataka kuvunjika. Nimemwambia asiniangalie hivyo, kunawa si kula. Amekimbia kuchukua maji, viatu ameviacha mlangoni. Nafunga daftari, mkono wa kuandika ndio wa kula.