Nsenene wa Shangazi

Kibuli, Jumatano

Eti nimelogwa! Saa saba nimekula nsenene, panzi wa kukaanga wa Shangazi, saa nane mabaka mekundu yamenijaa shingoni na mikononi, yanawasha kama upupu. Lakini Shangazi Zaituni anasema ni kijicho cha majirani, kwa sababu kesho naanza kazi dukani Ntinda.

Akanipaka majivu. Kuwasha kukazidi. Mimi, nisiyezoea kumbishia, nikajiendea zahanati.

Muuguzi wa zahanati hakuhitaji hata dakika mbili. "Umekula nini, binti? Nsenene? Na mwaka jana ulipowala?" Mwaka jana pia nilivimba baada ya panzi hao hao. Akanipa kidonge cha mzio, akasema niwaache kabisa, na midomo au koo likivimba nikimbizwe hospitali.

Hilo la koo linanitisha. Nani atanikimbiza? Huyu wa majivu?

Jioni nikajikaza, nikasema kwa sauti: "Shangazi, ni nsenene wako."

Akanitazama kwa huruma. "Hata mimi nimewaza hivyo, mwanangu. Nilizidisha kitunguu. Kesho nitakukaangia bila kitunguu, uende nao kazini."